Ushauri wa haraka: kutoa bolti za hedi na kuweka stadi bila kuvua hedi (4G63 turbo)

BustiKidogo
Habari zenu wakuu. Injini ni 4G63 ya Mitsubishi, ya turbo, lita 2, bloku ya chuma na hedi (kichwa cha juu chenye valvu) ya aluminiamu kama mnavyoijua. Nataka kutoa bolti 10 za kiwandani niweke stadi (nondo za thredi zinazokazwa kwa nati juu), maana busti (presha ya turbo) imepanda. Swali ni moja tu: naweza kubadili moja moja (natoa bolti, naweka stadi, nakaza, nahamia nyingine) bila kuvua hedi? Sitaki kugusa belti ya taiming. Wale wa "vua hedi" nawaomba wapite tu.

KombeLaPistoni
Vua hedi.

MzeeSpana
Mdogo wangu, busti imepanda kutoka ngapi hadi ngapi? Na mafuta na taiming vimepangwa upya, au umezungusha kidude cha busti ukafunga boneti? Kipenyo cha silinda yako ni mm 85. Presha ya mwako ikifika baa 100, silinda moja inaisukuma hedi juu kwa karibu tani 5.8. Mwako wa kawaida unasukuma, ila injini ikigonga (mafuta yakilipuka ovyo) inapiga nyundo. Stadi zinastahimili msukumo. Nyundo itatafuta kitu kingine cha kuvunja, kwa kawaida pete za pistoni.

LainiNyekundu
Nijibu swali lenyewe. Inafanyika, kwa masharti. Injini ilale usiku mzima ipoe kabisa. Gasketi iwe nzima, haijawahi kuvuja, wala gari halijawahi kuchemsha. Anzia bolti za katikati ukitoka nje, kama mpangilio wa kukaza.

Kazi iko kwenye shimo. Bolti za injini hiyo ziko chini ya kava ya valvu, zinaogelea kwenye oili. Ukichomoa moja, oili iliyotuama juu ya hedi inachuruzika hadi chini ya shimo, na shimo halina pa kutokea. Stadi ikishuka juu ya hiyo oili haifiki mwisho. Ukiilazimisha, oili haibonyei, bloku ndiyo inayopasuka. Kwa hiyo chukua sirinji yenye mpira mwembamba ufyonze, pitisha kitambaa kwenye waya, halafu upepo wa kompresa (vaa miwani, itarudi usoni). Thredi zisafishe kwa kisafisha thredi. Usitumie tapi ya kukata, inakula chuma na stadi inabaki kucheza. Stadi yenyewe inaingia kwa vidole mpaka chini. Spana ni ya nati tu.

KichekoChaTurbo
Fundi stadi ndiye anayefunga stadi. Naondoka zangu.

BustiKidogo
Asante sana LainiNyekundu, hilo ndilo jibu nililolitaka. MzeeSpana, busti ilikuwa baa 1.1, sasa ni 1.6. Kompyuta itapangwa baadaye, mafuta yanatosha.

MzeeSpana
"Yanatosha" umeyapima kwa nini, kwa harufu? Na mtu asiyetaka hata kugusa belti ya taiming, leo ana haraka na bolti za hedi. Kuna kitu kimekusukuma. Maji yanapungua?

DizeliNzito
Hapa mnaikumbusha Ford Power Stroke ya dizeli ya lita 6.0. Watu walikimbilia stadi kwa sababu ina bolti 4 tu kuzunguka kila silinda. Wengi wakaacha kipoza oili kimeziba. Kikiziba, maji hayafiki vizuri kwenye kipoza cha EGR (cha moshi unaorudishwa kwenye injini), nacho kinapasuka, mvuke unajaa kwenye mfumo. Stadi mpya kabisa, ugonjwa ule ule.

ChumaL19
Mnapoteza muda na stadi za kawaida. Chukua za chuma cha L19, nguvu psi 260,000, umemaliza. Zile za chuma cha ARP2000 ni 220,000 tu.

BiMaikromita
L19 inaogopa unyevu. Jasho la vidole tu linaanzisha kutu, haidrojeni inapenya ndani ya chuma, na siku moja stadi inakatika yenyewe gari likiwa limeegeshwa. Inafaa injini ya mashindano inayofunguliwa kila mara na stadi zikapakwa oili muda wote. Na ubanaji mkubwa kupita kiasi unaipinda silinda. Mduara unakuwa yai, kompresheni inapita pembeni ya pete, oili inaanza kuliwa. Ndiyo maana karakana nzuri ya mashine inahoni (inasugua silinda za) bloku ikiwa imefungwa bamba zito juu, kwa stadi zile zile zitakazotumika na kwa toki (nguvu ya kukaza) ile ile.

Turudi kwa mwenye uzi. Kaka, jibu la maji.

BustiKidogo
Yanapungua kidogo. Nikikanyaga sana tanki la akiba linajaa, na asubuhi kabla ya kuwasha paipu ya juu ya rediata naikuta ngumu. Ila oili ni safi, haichemshi, moshi mweupe hakuna. Ndiyo maana nataka stadi, hedi ibanwe zaidi ijizibe. Halafu stadi 4 tayari zimeshaingia, zile za katikati. Kwa hiyo kuvua hedi sasa ni kurudi nyuma.

KombeLaPistoni
Kumbe! Nilisema nini jibu la kwanza?

LainiNyekundu
Mkuu, hii ungeiandika mstari wa kwanza, na mimi nisingekupa masharti yale. Paipu ngumu injini ikiwa baridi ni hewa ya mwako iliyoingia kwenye maji na haijapata pa kutokea. Hedi ilinyanyuka unywele mmoja ulipokanyaga, moto ukapita juu ya pete ya gasketi ukaichoma. Njia imeshachongwa. Ukiibana kwa stadi utapunguza uvujaji kwa wiki chache, na kila ukikanyaga moto unaikata zaidi, safari hii pamoja na aluminiamu ya hedi. Stadi huzuia gasketi nzima isiungue. Iliyokwisha kuungua haiponi.

Hizo 4 zimekazwaje?

BustiKidogo
Kwa utaratibu wa kiwandani, sijabahatisha. Nm 20, nyuzi 90, nyuzi 90 tena. Na zimepakwa oili mpya ya injini. Stadi ni za mm 12, imara kabisa.

KichekoChaTurbo
Uzi mmoja, nyuzi 180.

BiMaikromita
Hapo kuna makosa mawili. Nyuzi 90 mara mbili ni za bolti ya kiwandani, iliyotengenezwa ivutike. Utaratibu wake kamili ni Nm 78, legeza zote, Nm 20, kisha 90 na 90, na ikizidi urefu wa mm 99.4 haitumiki tena. Stadi ni ngumu zaidi na haivutiki vile, kwa hiyo kwa nyuzi hizo hujui umeibana kiasi gani. Stadi inakazwa kwa spana ya toki, hatua 3 zinazolingana, hadi namba iliyo kwenye karatasi ya kiti chako (seti ya stadi). Soma kipimo pia: futi-pauni 80 ni Nm 108, na wengi wameweka 80 kwenye spana ya Nm.

La pili, kilainishi. Takriban asilimia 90 ya nguvu ya mkono wako inaliwa na msuguano kwenye thredi na chini ya nati. Inayobana hedi ni kama 10 tu. Namba ya karatasi imepigwa kwa grisi iliyokuja na kiti. Ukibadili kilainishi umebadili ubanaji, hata kama spana imelia pale pale. Grisi inapakwa thredi za juu, chini ya nati, na juu ya washa.

MkaguziWaUzi
Samahani, mnajibu hewa. 4G63 ya bolti 7 kwenye flaiwili, ambayo ndiyo ya huo utaratibu wa 20-90-90, mashimo yake ya hedi ni mm 11. Ya mm 12 ni ile ya zamani ya bolti 6. Huyu anasema amekaza kwa utaratibu wa moja stadi za nyingine, tena zimeingia kwa raha. Stadi ya 12 haiingii shimo la 11. Ametazama video mbili akatuletea hadithi. Gari hana.

KombeLaPistoni
Aisee. Na hakuna hata picha moja.

ChumaL19
Nilihisi.

BustiKidogo
Gari ninalo. Kinachokosekana ni spana mkononi mwangu. Fundi ndiye anayefanya, mimi niko pembeni naandika anachosema, na ananisubiri nimwambie aendelee au aache. Nimemwomba kalipa sasa hivi: stadi ni mm 10.9. Hiyo 12 aliyotaja ni pembe za nati.

MkaguziWaUzi
10.9 ni M11 halali, na nati za stadi hizo kweli zina pembe 12. Naomba radhi. Ila ungeanza na hilo la fundi.

MzeeSpana
Mwambie fundi aache. Asitoe bolti ya tano. Anacho kile kipimo cha gesi cha maji ya bluu? Awashe hivyo hivyo bila kukanyaga, injini ipate joto, apunguze maji kidogo kwenye rediata ili kipimo kisinyonye maji, avute hewa ya juu ya maji. Ikibaki bluu, rudi tujadili kifuniko cha rediata. Ikigeuka njano, hewa ya mwako imo.

BustiKidogo
Njano. Haikuchukua hata dakika 2.

LainiNyekundu
Pole. Maji na oili vimwagwe kwanza. Hedi ilegezwe injini ikiwa baridi, kutoka nje kwenda ndani, hatua kwa hatua, isipinde. Kwenye hedi na bloku pitisha rula ya chuma, kwa urefu na kwa pembe zote mbili. Fila (kipande chembamba cha kupimia mwanya) ya mm 0.05 ikipita, na unataka gasketi ya chuma ya tabaka, hedi iende mashine. Uso uwe laini sana, kwa sababu gasketi hiyo haifichi mikwaruzo. Usisafishe bloku kwa diski ya msasa ya drili, unga wake ukishuka kwenye oili unakula beringi. Stadi zote 10 zifungwe kwenye mashimo makavu. Belti ya taiming, ambayo hukutaka kuigusa, ibadilishwe hapo hapo pamoja na ile ndogo ya shafti za mizani. Na busti irudi 1.1 hadi kompyuta ipangwe.

BustiKidogo
Sawa, anavua. Hizo stadi 4 zilizozungushwa nyuzi 180 zitatumika tena au ninunue kiti kingine?

BiMaikromita
Unazo 6 ambazo hazijaguswa. Zipime zote kwa maikromita, urefu mwisho hadi mwisho, zikiwa safi na za joto moja. Yoyote kati ya zile 4 iliyozizidi hizo 6 imevutika, itupe. Kisha pitisha nati kwa vidole thredi nzima. Ikikwama mahali popote, hiyo nayo itupe.