Babu anavutia sigara chumbani na kuna mtoto wa miezi mitano. Nianzie wapi?

MhudumuBuguruni

Habari za jioni wadau. Naomba mawazo, hasa kwa wenzangu mnaotembelea kaya, na kwa wavutaji wenyewe kama mpo humu.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Buguruni. Ninazopita zaidi ni kaya zenye mjamzito, mtoto mchanga au mgonjwa wa muda mrefu. Kuna moja inaninyima usingizi. Ni chumba kimoja katika nyumba ya kupanga ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo na bomba uani. Wanaishi humo binti wa miaka 22, mwanawe wa miezi mitano, mdogo wake anayesoma darasa la nne, na babu yao mzaa mama. Baba wa mtoto alishaondoka zamani. Babu ni fundi viatu, ndiye analipa kodi na ndiye analeta unga.

Babu anavuta sigara saba au nane kwa siku, nyingi akiwa kazini kwake barabarani. Tatizo ni ya alfajiri. Anaamka saa kumi, anakohoa, anakaa ukingoni mwa kitanda, anawasha. Kitanda cha mtoto na mama yake kiko hatua mbili kutoka hapo. Na nyumba zetu mnazijua: hakuna dari, kuta zimeishia usawa wa boriti. Moshi wa chumba cha babu unapanda, unavuka ukuta, unashukia chumba cha pili alikolala mama mwenye pumu.

Mtoto ameugua kichomi mara mbili tangu azaliwe. Mara ya pili alilazwa siku nne.

Sasa kosa langu. Ziara ya kwanza nilimwambia yule binti afungue dirisha babu akivuta, amwambie aache, na kwamba moshi ule utamuua mtoto. Nilisema hayo mlangoni, na wanawake wawili wanafua uani wanasikia. Wiki iliyofuata nikagonga, mlango ulipofunguliwa nikapokewa na harufu ya udi. Udi saa tano asubuhi, Jumanne, hakuna shughuli yoyote. Nikainama kumtazama mtoto kwenye chandarua, pua ikagusa kitambaa. Kimeshika moshi kabisa. Upande wa ukutani bado ni cheupe, upande wa kitanda cha babu kimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mtoto analala humo usiku kucha.

Ziara ya tatu nikaambiwa na mdogo wake kwamba dada katoka. Nikamsikia mtoto anakohoa ndani.

Nimemfungia mlango binti ambaye hana pengine pa kukimbilia. Nirudije pale?

NesiWaMorogoro

Pole dada, na asante kwa kusema ukweli wako. Wengi tumefanya hivyo hivyo.

Nianze na dirisha kwa sababu hata kwenye zahanati yetu bado lilikuwa linatajwa. Dirisha halitoshi. Moshi wa sigara mwingi hauonekani, na unabaki hewani saa kadhaa baada ya sigara kuzimwa. Upepo unaoingia kutoka nje unarudisha moshi ndani badala ya kuutoa. Feni nayo inauzungusha tu. Una kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 hivi zinajulikana kuleta saratani. Tangu ripoti ya mganga mkuu wa Marekani ya 2006 imesemwa wazi kwamba hakuna kiwango salama cha moshi wa sigara ya mwenzio. Mtoto wa miezi mitano anapumua haraka kuliko sisi na njia zake za hewa ni nyembamba, ndiyo maana kwao tunaona kichomi, masikio kutoa usaha, kifua kubana, na kuna wanaofariki ghafla usingizini. Kinachosaidia ni kimoja: sigara isiwashwe ndani. Sio "akivuta karibu na mlango".

La pili ni huo udi. Udi nao ni moshi. Binti anajaribu kuficha harufu usije ukamkaripia tena, na mtoto anapata moshi wa aina mbili. Usimseme. Ukirudi, mwambie tu kwamba hahitaji kuchoma udi kwa ajili yako.

Chandarua kifuliwe, lakini kama ni kile chenye dawa, sabuni ya kawaida na maji ya baridi, bila dawa ya kuondoa madoa, na kianikwe kivulini. Jua kali linaua dawa, halafu umeondoa moshi umeleta malaria.

DerevaMstaafuGMboto

Mimi nilivuta miaka 19. Sasa huu ni mwaka wa sita sijagusa. Naomba nikuongeleshe upande wa babu maana sijaona mtu kamuulizia.

Hiyo saa kumi naijua. Usiku kucha hujavuta, mwili umeishiwa nikotini, unaamka mikono haitulii na kichwa kizito. Ile sigara ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote za siku. Ukimwambia mzee wa miaka sabini kasoro "acha sigara", anasikia "acha kuamka". Anakunyamazia kwa heshima, na ukishaondoka hasira anammalizia mjukuu. Huyo binti hawezi kumwambia kitu mtu anayemlipia kodi. Umempa mzigo asioweza kuubeba.

Mimi mke wangu hakuwahi kuniambia niache. Siku moja alinishika mkono usiku, akaniweka kiganja kwenye kifua cha mwanetu amelala. Kilikuwa kinatetemeka kama paka anavyokoroma. Hakusema neno. Kuanzia siku hiyo nilivutia nje, na kuacha kabisa kulikuja miaka miwili baadaye, nilipokuwa tayari mwenyewe. Kwa hiyo omba lile linalowezekana. Mwambie atoke, usimwambie aache.

Na swali langu kwako: umeshamuuliza kwa nini hatoki nje saa hiyo? Mvutaji ana sababu. Ijue kwanza.

MtuWaTemeke

Dada nisamehe, lakini mimi naona tunamwonea mzee. Humo ndani jiko la mkaa linawashwa ukumbini kila siku mvua ikinyesha, vyumba sita majiko sita. Familia inahangaika na unga, tunakwenda kuwapigia hesabu ya moshi wa sigara moja ya alfajiri? Nimekulia nyumba hizo hizo, baba yangu alivuta ndani na tuko hai.

MhudumuBuguruni

@MtuWaTemeke nakuelewa, na kuhusu jiko una haki. Nalisemea kila ziara, na mkaa ukumbini na milango imefungwa ni hatari ya kufa usiku huo huo. Lakini jiko linapika chakula na kuliondoa kunahitaji hela ya gesi ambayo hawana. Kuivutia sigara uani hakuhitaji hela. Katika moshi wote wa nyumba ile, huu ndio tunaweza kuuondoa wiki hii. Na kuhusu sisi tuliokulia humo na tuko hai, mdogo wangu wa mwisho alikuwa na kifua tangu mdogo na hakufika miaka mitatu. Hakuna aliyewahi kumwambia mama yangu kwamba moshi wa baba unahusika hata kidogo. Ndiyo sababu nafanya kazi hii.

@DerevaMstaafuGMboto sijamuuliza. Kweli sijawahi hata kukaa naye. Kila ziara nafika saa ambazo yuko kazini, na nikaona ni sawa tu.

BiMkubwaLikoni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi pia natembelea nyumba huku Likoni, na nyumba zetu za Kiswahili ni hizo hizo, vyumba huku na huku na ukumbi kati.

Mwanangu, mfuate mzee kule anakoshonea viatu. Peleka kiatu chako kikashonwe. Mwamkie, kaa kwenye kigoda, akishone. Usianze na sigara. Muulize mjukuu anaendeleaje, yeye mwenyewe akwambie kuhusu kulazwa, maana hakika aliumia kuliko unavyofikiria. Nani alitoa pesa za hospitali? Ni yeye. Mtu aliyelipa siku nne za wodini hahitaji kuambiwa mtoto ni wa thamani. Anahitaji kuambiwa kwamba kuna jambo ambalo yeye peke yake analiweza.

Mimi huwa nawaambia wazee hivi: "Mzee wangu, nyumba hii amri ni yako. Binti hawezi kumzuia mgeni asivute humu, jirani hawezi. Wewe ukisema, kimekwisha." Mzee mmoja huku aliyekuwa akivuta tangu akiwa kuli alikuja kuwa mkali kuliko mimi. Hata mkwewe alimtoa nje na fegi yake. Amri ikitoka kwake haimvunjii heshima. Ikitoka kwa mjukuu, au kwako mbele ya wanawake wanaofua, imemvunjia.

Pia usimtishe kwa sheria. Nimeona vijana wanafanya hivyo. Sheria yenu ya tumbaku ya 2003 imelenga maeneo ya umma, na hata ingegusa kitanda cha mzee, nani atakwenda kumshtaki? Yule binti?

MhudumuBuguruni

Nimerudi, zimepita wiki tatu. Nilitaka kuleta matokeo nikishayaona kwa macho.

Nilikwenda na kiatu cha mwanangu, soli imeachia. Babu alikishona polepole sana, sindano kubwa ile na uzi wa nta, na mimi nimekaa. Nilimwomba radhi kwanza. Nikamwambia, babu, nilikuja nyumbani kwako nikasema maneno mlangoni ambayo nilipaswa kukuletea wewe. Alishona mishono miwili mitatu bila kujibu. Halafu akasema, "Nililala chini pale wodini, mwanangu. Siku zote nne."

Baadaye ndipo nikamuuliza swali la dereva. Kwa nini hatoki nje saa kumi? Akanitazama kama vile ningepaswa kujua. Kumbe ni kufuli. Mlango wa uani unafungwa saa nne usiku kwa sababu ya vibaka, ufunguo anakaa nao mama wa chumba cha kwanza, na babu anaona aibu kumgongea mwanamke wa watu saa kumi za usiku kwa sababu ya sigara. Tena uani hakuna taa, mguu wake wa kushoto umevimba, na pale kwenye bomba pana utelezi. Muda wote huo nilidhani ni mtu asiyejali.

Mwenye nyumba anaishi Vingunguti. Nilimpigia simu, nikamweleza habari ya mtoto na ya yule mama mwenye pumu. Alikubali ichongwe funguo ya pili, mradi babu aapishwe kufunga akirudi. Taa alisema haimhusu. Basi wapangaji wanne wakachangia, tukanunua balbu na waya, kijana wa chumba cha tano akaifunga. Nilimpelekea babu kigoda cha mama yangu na kopo la maziwa nililotia mchanga. Nikamwambia pia akimaliza asiingie papo hapo. Asukutue, anawe mikono, akae dakika kadhaa, maana moshi bado unatoka kifuani, na koti la kuvutia sigara alitundike msumarini nje ya mlango. Hilo la koti alilipenda, akasema hata bandarini walikuwa na koti la kazi na koti la nyumbani. Sikujua kama aliwahi kufanya kazi bandarini.

Na @BiMkubwaLikoni, yametokea kama ulivyosema. Jumapili ya pili alikuja mjomba wao kutoka Mkuranga, akatoa sigara ukumbini. Binti ananiambia babu hakupaza sauti. Alisema tu, "Kwangu havutwi ndani, kuna mtoto," akamwelekeza kwenye kigoda. Binti alinisimulia hili huku anacheka na machozi yanamtoka.

Kuhusu hela, sikuitaja mimi. Aliitaja yeye. Anasema kule nje baridi ya alfajiri inamfanya aizime ikiwa nusu, na sasa ananunua tano kwa siku badala ya nane. Tatu kwa shilingi 200 ni 600 kila siku. Sijamwambia aache. Ameniuliza mwenyewe hiyo hamu hukaa kwa muda gani ikimpata, nikamjibu ni dakika chache tu kisha inapungua, na ngumu zaidi ni zile siku za mwanzo. Akanyamaza. Nimeliacha hapo.

Chandarua tulikifua pamoja, mimi na binti, uani. Maji ya kwanza yalitoka kahawia. Ya pili pia. Mdogo wake alisimama anatazama beseni, akauliza, "Hii yote ilikuwa inaingia kwa mtoto?" Dada yake hakumjibu, alimwaga tu yale maji akachota mengine.

Mtoto bado ana mafua, sitaki kudanganya kwamba amepona kwa wiki tatu. Lakini usiku analala, na mama wa chumba cha pili anasema hajatumia ile dawa yake ya kuvuta tangu wiki iliyopita.

Shida iliyobaki ni mvua. Juzi ilinyesha usiku, uani hapakaliki, na babu alivutia kizingitini, mlango wazi, moshi ukarudi wote ukumbini. Asubuhi alimwambia binti mwenyewe kabla hajaulizwa. Masika yakishika itakuwa hivyo wiki nzima. Nafikiria kibanda kidogo juu ya kile kigoda, mabati mawili na nguzo nne za mirunda. Kuna fundi humu anayeweza kunikadiria gharama, au mwenye mabati yaliyotumika, hata kama yana matobo machache? Nitayafuata mwenyewe, popote Ilala au Temeke.