Tupeane uzoefu: Mmegawaje klasi za modeli za hifadhidata katika faili nyingi?

Mwanzisha mada

Wadau, heshima kwenu. Nimekabidhiwa mradi wa Django (mfumo wa kutengenezea tovuti kwa Python) ambao faili yake ya `models.py`, yenye klasi zinazoeleza majedwali ya hifadhidata, imepita mistari elfu tatu, na klasi za wateja, oda, malipo na bidhaa zimo humo kwa mpangilio wa tarehe zilipoandikwa, bila kujali zinavyohusiana. Watu wawili wakifanya kazi siku moja, mabadiliko yao hugongana hata kama mmoja anashughulikia malipo na mwenzake bidhaa. Folda najua kuitengeneza. Ninachoomba ni simulizi za waliokwisha kuipitia kazi hii: mligawa kwa kigezo gani, na ni kitu gani kiligoma baada ya kugawa?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, kwenye Django tulifuta `models.py` na kuweka folda ya `models` yenye faili ya `__init__.py`, ambayo ndani yake tuliingiza kila klasi kwa jina lake: `from .oda import Oda, MstariWaOda`, na kadhalika. Faida yake ni kwamba sehemu nyingine zote za programu zilizokuwa zikiandika `from mauzo.models import Oda` hazikuguswa hata kidogo. Jedwali nalo halibadiliki, kwa sababu jina lake, `mauzo_oda`, hutokana na jina la app (sehemu ya mradi wa Django, hapa `mauzo`) na jina la klasi. Faili ambamo klasi imeandikwa haihusiki. Kwa hiyo kipimo chetu kilikuwa kuendesha `makemigrations`, amri inayoandika migresheni (faili ya hatua za kubadilisha hifadhidata) ikiona modeli zimebadilika, baada ya kila klasi kuhamishwa, na jibu lililokubalika lilikuwa moja tu: hakuna mabadiliko.

Siku moja jibu lilikuja tofauti. Django iliandika migresheni ya kufuta modeli ya risiti, ilhali klasi yenyewe ilikuwepo, nzima, katika faili yake mpya. Ilikuwa haijaorodheshwa kwenye `__init__.py`. Jambo lililotuchanganya zaidi ni kwamba kwa muda fulani kila kitu kilikuwa kimeenda sawa, kwa kuwa `admin.py`, faili ya ukurasa wa usimamizi, ilikuwa ikiiingiza klasi hiyo moja kwa moja kutoka kwenye faili yake, na Django ikaiona kwa njia hiyo. Mstari ule ulipoondolewa kwenye `admin.py`, modeli ikapotea machoni pake. Tangu hapo tunaorodhesha klasi zote mahali pamoja, hata ile inayoonekana kutotumiwa na mtu.

Ukikuta `app_label` ndani ya `Meta` (sehemu ya mipangilio ya modeli) kwenye klasi za zamani, usishangae. Kabla ya toleo la 1.7 la mwaka 2014, modeli iliyoandikwa nje ya `models.py` ililazimika kuitaja app yake.

Mchangiaji wa pili

Mimi natumia SQLAlchemy, maktaba nyingine ya Python ya kushughulikia hifadhidata, na kwetu tatizo kubwa lilikuwa kuingizana kwa mzunguko: faili ya oda inamhitaji `Mteja`, faili ya wateja inaihitaji `Oda`, na Python inakwama katikati. Tuliweka `Base`, klasi mama ya modeli zote, katika faili yake peke yake, isiyoingiza modeli yoyote, kisha mahusiano yote tukayaandika kwa majina ndani ya alama za nukuu: `relationship("Mteja", back_populates="oda")`, na ufunguo wa kigeni (safu inayoelekeza kwenye jedwali jingine) kama `ForeignKey("wateja.id")`. Kwa ajili ya vikagua aina (zana zinazokagua aina za data katika msimbo bila kuuendesha), klasi huingizwa chini ya `if TYPE_CHECKING:`, sehemu ambayo haiendeshwi programu inapofanya kazi.

Hata hivyo, majina hayo hutafutwa baadaye, kwa kawaida klasi inapotumiwa kwa mara ya kwanza, kwa hiyo programu inaweza kuwaka vizuri kabisa na kuanguka kwenye ombi la kwanza kwa sababu moduli moja haijawahi kupakiwa. Alembic, zana ya migresheni ya SQLAlchemy, ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi: faili yake ya `env.py` ikiingiza `Base` bila kuingiza moduli za modeli, huona kwamba hakuna jedwali lililotangazwa, na migresheni inayojiandika hujaa `drop_table`, yaani amri za kufuta majedwali. Kwetu iligunduliwa wakati wa kupitia msimbo. Naomba kila mtu aisome migresheni yake mstari kwa mstari kabla ya kuiendesha.

Mchangiaji wa tatu

Kuhusu kigezo, sikubaliani na desturi ya kila klasi kuwa na faili yake. Rails, mfumo wa tovuti wa lugha ya Ruby, hufanya hivyo kwa sababu hutafuta klasi kwa kufuata jina la faili, lakini Python haina sharti hilo. `Oda` na `MstariWaOda` hubadilika pamoja karibu kila mara, na kuzitenganisha kunamlazimisha msomaji kufungua faili mbili ili aelewe jambo moja. Sisi tulitazama historia ya Git (chombo kinachotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo), tukaona klasi zipi huguswa pamoja, tukaziweka pamoja. Klasi za msingi zisizo na jedwali, kama ile yenye tarehe za kuundwa na kubadilishwa, zilipata faili yao.

Mchangiaji wa nne

Naongeza jambo moja. Kuhamisha klasi kati ya faili za app moja ni kazi tofauti kabisa na kuihamishia app nyingine, kwani huko jina la jedwali hubadilika na Django hupanga kuunda jedwali jipya tupu na kulifuta la zamani pamoja na data yake. Hapo utahitaji `db_table` (kulitaja jedwali la zamani kwa jina lake) na `SeparateDatabaseAndState` (kubadilisha kumbukumbu za Django bila kuligusa jedwali). Tafadhali usizichanganye kazi hizi mbili katika hatua moja. Vilevile, unapohamisha klasi usiirekebishe papo hapo; ikihama kama ilivyo, `git blame -C` itaendelea kuonyesha aliyeandika kila mstari.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana, wakuu. Nitaanza na malipo, kwa kuwa klasi zake zinaitegemea oda na hakuna klasi inayozitegemea zenyewe. Swali lililobaki ni la klasi ya mtumiaji iliyotajwa katika mpangilio wa `AUTH_USER_MODEL`: je, nayo inahamishika?

Mchangiaji wa kwanza

Inahamishika, mradi ibaki katika app ileile. Mpangilio huo hutaja app na klasi tu, kama `mauzo.Mtumiaji`, faili haitajwi popote.