Mjadala: Nani alipie matengenezo ya barabara za Jiji la Tanga?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili bila ushabiki wa vyama. Je, shehena inayotoka bandari ya Tanga kwa malori itozwe kiasi kidogo kwa kila tani, na fedha hiyo itengwe kisheria kwa ajili ya barabara za jiji, au tuendelee kutegemea mgao wa Mfuko wa Barabara, unaotokana hasa na tozo ya mafuta, peke yake? Mimi naunga mkono tozo hiyo.

Tangu mwaka 2017 barabara za mitaa ziliondolewa mikononi mwa halmashauri zikakabidhiwa TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ambayo kwa mgawanyo uliozoeleka imekuwa ikipata asilimia 30 ya Mfuko huo huku TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ikichukua asilimia 70. Katika mwaka wa fedha 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli ili kuipa TARURA nguvu, na wengi tuliamini kuwa kilio chetu kimesikika. Lakini fedha ya mafuta hugawanywa kwa nchi nzima. Haifuati lori lilikopita. Jiji lenye wakazi wasiofika laki nne kwa sensa ya 2022 linapanga foleni moja na wilaya ambazo vijiji vyake hukatika kabisa wakati wa masika, na mbele ya wilaya hizo sisi wa mjini hatuna hoja ya kuhurumiwa.

Wakati huohuo Serikali imetumia shilingi bilioni 429.1 kuboresha bandari yetu. Meli ambazo zamani zilitia nanga mbali, mizigo ikifuatwa kwa matishari, sasa zinafunga kwenye gati lenye urefu wa mita 450 na kina cha mita 13. Ni jambo jema, na sitaki nieleweke kuwa nalilalamikia. Ila mzigo ukiongezeka gatini, malori huongezeka mitaani: yanatafuta maghala, karakana na maegesho katika barabara ambazo lami yake haikusanifiwa kwa uzito huo. Wahandisi hukadiria kuwa madhara ya ekseli kwa barabara hukua kwa kipeo cha nne cha uzito wake, yaani ekseli yenye uzito maradufu huumiza lami takribani mara 16. Bajaji zote za Ngamiani zikizunguka kutwa haziwezi kuharibu kinachoharibiwa na malori machache yaliyojaa, ilhali mwenye bajaji hulipa kwa lita sawasawa na mwenye lori.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, hesabu ya ekseli naikubali; dawa yako siikubali. Mimi ni wakala wa forodha, na ninaowahudumia hawafungwi na Tanga hata kidogo. Mwenye mzigo wa Moshi au Arusha anayo Mombasa, na hupiga simu pande zote mbili kabla ya kuamua. Mzigo wake tayari unabeba ushuru wa forodha, tozo ya maendeleo ya reli, ada za bandari na gharama za kuhifadhi. Kila tozo ilianza kwa kuitwa ndogo. Mwaka 2017 ilipofutwa ada ya mwaka ya leseni ya magari, tuliongezewa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta kama mbadala. Miaka minne baadaye zikaja hizo 100 ulizozitaja. Sijaona tozo iliyowahi kupunguzwa kwa sababu barabara zimekuwa nzuri.

Zaidi ya hayo, bandari ni mali ya taifa. Tanga ikitoza kwa sababu malori yanapita kwake, Segera na Korogwe watakosa hoja gani ya kudai chao?

Mchangiaji wa pili

Shikamooni wakubwa, na vijana habari zenu. Niliwahi kukaa katika baraza la madiwani kabla TARURA haijaanzishwa, kwa hiyo nitasema nilichokiona. Greda lilikuwa likifuata nguvu ya diwani. Kata yenye mwenyekiti wa kamati ilichongewa barabara mara mbili, na kata ya jirani ikangoja. Waliotunyang'anya barabara hawakutuonea sana.

Lakini kilichokuja baadaye kina kasoro yake. Mwananchi humuuliza diwani kuhusu shimo lililo mbele ya duka lake, diwani humuuliza meneja wa TARURA, na meneja huwajibika kwa wakubwa wake, si kwa baraza. Fedha ikiongezwa bila kurekebisha jambo hilo, tutakuwa tumeongeza fedha tu. Tukumbuke pia kuwa jiji hili lilinufaika na mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na lami nzuri ilijengwa. Mkopo wa namna hiyo hujenga. Hauzibui mifereji kila mwaka. Mfereji ukiziba, maji hulala juu ya lami, na anayelaumiwa ni mkandarasi aliyekwisha kuondoka.

Mleta mada

Nashukuru, na kwako mzee wangu, marahaba. Pendekezo lako nalichukua: orodha ya barabara zitakazotengenezwa ipitishwe na baraza, ibandikwe katika ofisi za kata kabla ya Julai, na TARURA ibaki na kazi ya usanifu na usimamizi.

Kwa ndugu wakala: tukichukulia mfano wa tani milioni moja kwa mwaka kwa shilingi 500 kila moja, tunapata shilingi milioni 500. Fedha hiyo haijengi barabara mpya, wala siiombei kazi hiyo. Naiombea matengenezo ya kawaida na ya sehemu korofi: viraka, mifereji, makalvati. Kuhusu Segera na Korogwe, barabara kuu inayopita huko iko chini ya TANROADS, yenye mgao mkubwa na mizani ya kudhibiti uzito. Mitaa yetu haina mizani. Na kwa kuwa nimesema malori, mzigo utakaopakiwa kwenye reli ya Tanga kwenda Moshi na Arusha, iliyofufuliwa baada ya kulala miaka mingi, hautalipa kitu. Je, wateja wako wangekimbilia Mombasa kwa shilingi 500, au wangeuliza kwanza bei ya behewa?