Kabeji za Alhamisi

[Kikundi: Wajukuu wa Kukhu]

Nekesa: Hamjambo nyote. Wafula, umeamka? Hebu ona hizi

Nekesa: [picha tatu]

Nekesa: Hizo ndizo za jana. Zilishuka hapa soko la Kibuye, Kisumu, zikiwa kabeji. Leo nafungua gunia, mkono unazama mpaka kwenye kiwiko. Ute mtupu. Mama anayeuza nyanya hapa kando ameniuliza kama kuna panya amefia kwangu

Wanjiru: Woi wifi. Ngapi?

Nekesa: 41 kati ya 200, na sijafika chini ya lundo

Wafula: Pole dada. Lakini hizo nilizikata kwa mkono wangu, zilikuwa ngumu kama jiwe. Hiyo ni kazi ya lori. Dereva alilala Kericho

Nekesa: Dereva ni yule yule wa kila wiki

Wafula: Basi ni joto la Kisumu

Nekesa: Joto la Kisumu limeanza jana?

Barasa: Nyanya zangu hapa Kitale zinanyauka zikiwa kijani kabisa. Mchana zimelala, jioni zinaamka. Dawa ni gani?

Wafula: Barasa ngoja kwanza, tuko kwa kabeji

Kukhu: [ujumbe wa sauti]

Wanjiru: Kwa wasio na bando: Kukhu anasema kabeji za zamani hazikuwa zinaoza hivi, shida ni mbegu mnazookota okota. Pia anauliza sukari yake iko wapi

Naliaka: Shikamoo Kukhu. Senge (shangazi) Nekesa pole sana, nimetoka darasani sasa hivi. Pasua moja katikati, kuanzia kwa kikonyo, unitumie picha

Nekesa: [picha]

Naliaka: Ona pale chini Baba alipopitisha panga. Kuoza kumeanzia hapo kukapanda juu katikati, na majani ya pembeni bado ni mazima. Huo si ukungu. Ni bakteria

Wafula: Na ile dawa niliyopiga wiki juzi?

Naliaka: Hiyo ni ya ukungu Baba, bakteria hawaijui. Na wakishaingia ndani ya kabeji hakuna dawa ya kuwatoa

Naliaka: Seli za jani zimeshikanishwa kwa kitu kinaitwa pektini, ile ile inayogandisha jamu. Hawa hawana meno. Wanatema kimeng'enya kinachoyeyusha hiyo gundi, seli zinaachana, maji yake yanamwagika. Huo ndio ute ulioshika senge. Jina lao Pektobakteria, zamani wakiitwa Erwinia. Jones wa Vermont kule Marekani ndiye aliyewaeleza mwaka 1901. Aliwatoa kwenye karoti akawaita carotovorus, yaani mla karoti

Barasa: Mla karoti na anamaliza kabeji ya watu 😂

Naliaka: Na viazi, na vitunguu, na pilipili hoho. Hachagui anko

Naliaka: Halafu ni wajanja. Wakiwa wachache wanatulia tu. Kila mmoja anatoa kemikali kidogo, na hiyo kemikali ikijaa wanajua wametosha, ndipo wote wanatema kwa pamoja. Kama bunge, wanangoja akidi itimie. Ndiyo maana kabeji inatoka shambani kwetu Molo ikionekana nzima. Baridi ya huko inawachelewesha, wakishuka Kisumu kwa nyuzi 28 au 30 akidi inatimia usiku mmoja

Wafula: Si nilisema ni joto la Kisumu!!

Naliaka: Baba mlikata saa ngapi?

Wafula: Alfajiri, lori lilikuwa linangoja

Naliaka: Kulikuwa na umande?

Wafula: Ilinyesha usiku kucha. Na juzi yake mvua ya mawe

Naliaka: Mkazipanga hivyo hivyo na maji, mkafunika turubai?

Wafula: Ulitaka zinyeshewe tena njiani?

Naliaka: 🙈 Hawawezi kutoboa jani zima, wanahitaji kidonda. Mvua ya mawe ni kidonda, tundu la kiwavi ni kidonda, panga ndilo kubwa kuliko yote. Halafu wanahitaji maji. Kabeji ikilowa chini ya turubai inakosa hewa na kinga yake inalegea, na hao wanaishi vizuri tu bila hewa. Bora mngengoja mpaka saa nne umande ukauke, na panga mlipanguse kila mara mkikutana na iliyooza

Wafula: Lori haliwezi kungoja saa nne

Wanjiru: Litangoja. Dereva nitamkaangia mayai

Nekesa: Sawa, kwa hivyo ni Wafula. 41 zangu nazirudishiwa vipi?

Naliaka: Senge, zikifika kwako unazifanyia nini?

Nekesa: Naziosha. Mteja wa Kisumu hanunui tope

Naliaka: Kwa maji gani?

Nekesa: Beseni. Hapa maji ni ya kununua kwa mtungi, nitabadilisha mara ngapi?

Wafula: Ahaaa

Naliaka: Baba usicheke. Ila senge, moja ikiwa imeoza, hilo beseni linazipaka bakteria zote 199 zilizobaki. Ni kama kuwanawisha watu macho mekundu kwa maji mamoja. Usizioshe. Pangusa kwa kitambaa kikavu, ziweke juu ya mbao na siyo chini, na usizirundike

Nekesa: Na jani la nje likiwa chafu?

Naliaka: Unalitoa siku ya kuuza. Ndiyo maana mkulima huacha majani matatu manne ya nje, hayo ndiyo godoro la safari. Hizi kwenye picha ziko uchi kabisa. Nani alizimenya?

Wanjiru: Mimi

Wanjiru: Lakini ngoja nitafute kitu

Wanjiru: Nekesa, mwezi uliopita: "Wifi menyeni majani yote ya nje, mimi silipi usafiri wa takataka"

Barasa: 😂😂😂😂

Nekesa: Niliandika hivyo?

Wanjiru: Na alama tatu za mshangao

Kukhu: [ujumbe wa sauti]

Wanjiru: Kukhu anauliza kama akikata upande mbovu anaweza kupika uliobaki

Naliaka: Kama uliobaki ni mgumu na haunuki, sawa Kukhu, upikwe leo leo. Ukiteleza mkononi, tupa. Na senge hizo mbovu zifukie, usizimwage nyuma ya kibanda

Naliaka: Baba, niangalizie zilizobaki shambani. Kingo za majani zikoje?

Wafula: [picha]

Naliaka: Hiyo njano iliyochongoka kama V kuingia ndani, mishipa yake ikiwa myeusi, ni bakteria wengine kabisa. Hawa huingilia pale jani linapotoa matone asubuhi, na hubebwa na mbegu. Wakishadhoofisha kabeji, mla karoti anakuja kumalizia. Mbegu ulinunua wapi?

Wafula: Kwa mtu sokoni

Naliaka: Ilikuwa kwa pakiti?

Wafula: Kwa gazeti

Wanjiru: Si Kukhu amesema mbegu tangu asubuhi

Naliaka: Amesema 😅 Mbegu kama hizo hutibiwa kwa maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, lakini kwa kipima joto. Zikizidi zinakufa, kwa hivyo mama usijaribu na sufuria ya chai. Nunua za pakiti. Na hapo msirudishe kabeji wala sukuma miaka miwili mitatu. Viazi na karoti pia hapana, mla karoti amebaki kwenye udongo. Pandeni mahindi

Wanjiru: Sukuma nimepandikiza hapo Jumamosi 😭

Barasa: Na nyanya sasa?

Naliaka: Anko kata shina moja karibu na ardhi, litie kwenye glasi ya maji safi, ulininginize tu, usitikise. Ngoja dakika tano

Barasa: [picha]

Barasa: Kuna kitu kama uzi wa maziwa unashuka

Naliaka: Ni mnyauko wa bakteria. Pole anko. Ng'oa zote zenye dalili na udongo wake, na jembe la hapo lisiingie kwingine kabla ya kuoshwa

Barasa: Hapo nilikuwa nipande viazi

Naliaka: Viazi ndivyo wanavyovipenda hao

Barasa: Basi

Nekesa: Wafula, Alhamisi niletee 150. Zikatwe zikiwa kavu, na majani yake ya nje yote. Usafiri wa takataka nitalipa

Wafula: Na hizo 41?

Nekesa: Zimekuwa 53. Tugawane

Wafula: Sawa dada