Ajenti wa AI kuandika maingizo ya jarida kwenye ERPNext: mipaka iwekwe wapi?

Leja_Safi
Wakuu, habari za kazi. Kuna ajenti wa AI anayesoma taarifa ya benki na kuandika maingizo ya jarida (Journal Entry) kwenye ERPNext (programu ya uhasibu na uendeshaji wa biashara) kupitia API, yaani njia ya programu moja kuzungumza na nyingine: ada za benki, bima iliyolipwa mbele, malimbikizo ya mwisho wa mwezi. Kwenye maagizo yake imeandikwa "usiposti bila idhini", na kwenye majaribio anatii. Je, hiyo inatosha? Na mfumo ukishakataa ingizo ambalo debiti na krediti hazilingani, kuna haja ya ukaguzi mwingine?

Fundi wa API
Haitoshi, mkuu. Maagizo ni ombi. Ulinzi ni ruhusa. Anayetii mara 99 bado anaweza kuposti mara ya 100, na seva itampokea kwa sababu akaunti yake inaruhusiwa.

Mtengenezee mtumiaji wake mwenyewe mwenye ufunguo wake wa API, ili kila rasimu ionyeshe nani kaiandika. Usimpe Accounts User, maana wadhifa huo huja tayari na Submit (kuposti) na Cancel (kubatilisha). Unda wadhifa mpya kwenye Role Permissions Manager, na kwa Journal Entry weka tiki kwenye Read, Write na Create peke yake. Submit, Cancel, Amend (kutengeneza nakala mpya ya ingizo lililobatilishwa) na Delete ziache bila tiki. Hapo kila anachoandika kinabaki docstatus 0, yaani rasimu, na leja kuu haiguswi mpaka mtu aposti.

Pili, usimwachie API nzima. Mpe zana tatu nne zenye kazi finyu: tafuta akaunti, andika rasimu, rekebisha rasimu, omba ufafanuzi. Hiyo ya mwisho msiidharau. Ajenti asiye na njia ya kusema "sijui" atatupia kila kinachomshinda kwenye akaunti ya muda, na mwisho wa mwezi nyie ndio mtakaoichambua.

Kwenye zana ya kurekebisha kuna mtego. Ukituma PUT (ombi la API la kubadilisha kilichopo) yenye mstari mmoja tu wa jedwali la accounts, ERPNext haiurekebishi huo mmoja na kuacha mingine; inachukua ulichotuma kuwa orodha nzima, na mistari isiyokuwemo inafutwa. Kwa hiyo zana isome ingizo lote, ibadilishe mstari husika, kisha irudishe mistari yote.

Mkaguzi wa Zamu
Nichukue swali la debiti na krediti, kwa sababu ndipo watu wanapolala. Benki imekata ada ya 11,800, VAT ya 18% ikiwa ndani. Ingizo sahihi:

Debiti Ada za benki 10,000
Debiti VAT ya manunuzi 1,800
Krediti Benki 11,800

Ajenti akikosea, anapiga 18% ya jumla nzima:

Debiti Ada za benki 9,676
Debiti VAT ya manunuzi 2,124
Krediti Benki 11,800

Yote mawili yanalingana. Mfumo unapokea, urari unakaa sawa, usuluhishi wa benki unakubali. Kosa ni 324 za VAT usizostahili kudai, na linajirudia kwenye kila mstari wa ada. Tiba ni ajenti asipige hesabu ya kodi kabisa. Atume jumla na aina ya kodi. Zana ndiyo igawe 11,800 kwa 1.18. Hesabu ifanyike kwa senti kama namba kamili au kwa aina ya desimali, si kwa namba za kuelea (float, ambazo kompyuta huzihifadhi kwa makadirio), na tofauti ndogo inayotokana na kukadiria senti iende kwenye akaunti moja inayojulikana.

Zana pia ikatae tarehe zilizo ndani ya kipindi kilichofungwa. Baadhi ya ukaguzi wa ERPNext wa vipindi hivyo hufanyika wakati wa kuposti tu, hivyo rasimu za mwezi uliokwisha zinaweza kurundikana bila mtu kujua.

Fundi wa API
Nyongeza kuhusu muamala mmoja kuandikwa mara mbili. Seva ikichelewa, muda wa ombi unaisha, ajenti anadhani limekufa na kutuma tena, kumbe la kwanza liliandikwa. Ongeza sehemu maalumu kwenye Journal Entry, iwekee tiki ya Unique (thamani isijirudie), na zana (si ajenti) ijaze humo namba ya akaunti ya benki pamoja na kumbukumbu ya muamala. Usitumie tarehe na kiasi peke yake: ada mbili za 11,800 siku moja ni jambo la kawaida. Ombi la pili likifika, zana irudishe namba ya ingizo lililopo badala ya kosa. Akiona kosa, ajenti atatafuta njia ya kulizunguka.

Angalizo: ingizo likibatilishwa na kufanyiwa Amend, nakala mpya hubeba kumbukumbu ileile na kukataliwa, kwani lililobatilishwa bado lipo kwenye hifadhidata. Anayerekebisha aongeze -1 mwishoni.

Leja_Safi
Shukrani sana, nimeelewa kwa nini urari hautoshi. Mwidhinishaji akishaiona rasimu, ajenti akaibadilisha kabla haijapostiwa, itakuwaje?

Mkaguzi wa Zamu
Mwidhinishaji akiwa amefungua fomu yenyewe, mfumo utamwambia imebadilika na kumtaka aifungue upya. Akiposti kwa kuweka tiki nyingi kwenye orodha, kinachopostiwa ni kilichopo wakati huo, hata kama sicho alichokisoma. Kwa hiyo rasimu ikishapelekwa kwa idhini, zana ya kurekebisha ikatae kuigusa mpaka mtu airudishe. Na maelezo ya muamala kwenye taarifa ya benki yachukuliwe kama data tu: mlipaji anaweza kuandika humo chochote, hata amri kwa ajenti. Ndiyo maana zana za kubadili akaunti ya benki ya msambazaji zisiwemo kabisa kwenye orodha yake.