Debian kwenye mashine ya kadi mbili za picha: video zinakatika, projekta haionekani

StudioNdoa
Jambo wandugu. Niko Lubumbashi, komini ya Kenya (ile yetu, si ya Nairobi), kazi yangu ni kupiga na kuunganisha video za ndoa. Nimenunua laptopu ya okazeni (iliyokwisha tumika) iliyotoka Ubelgiji, kibodi AZERTY (mpangilio wa Kifaransa), ndani kuna kadi mbili za picha, Intel HD 620 na NVIDIA GeForce 940MX. Fundi aliniwekea Debian 12, mfumo wa Linux. Kioo kilikuwa kinabaki cheusi, akaongeza neno fulani kwenye GRUB (programu inayowasha mfumo), ikawaka. Ila ni mateso: Kdenlive, programu yangu ya kuhariri video, inakatakata hata video ya simu, feni inalia kutwa, vitufe vya mwanga wa kioo havifanyi kitu, na nikichomeka HDMI ya projekta ni kama sijachomeka. Jumamosi nina ndoa Kamalondo, familia inataka picha zionekane ukutani. Mnisaidie, na mega zangu za intaneti ni za kuhesabu.

Bwana_Rahisi
Rudisha Windows, ulale.

MtotoWaKatuba
Shusha draiva kwenye tovuti ya NVIDIA, lile faili la .run, endesha, umemaliza.

YayaTerminali
Mdogo wangu wa Katuba, hapana. Faili hilo linajiweka nje ya utaratibu wa apt, kisakinishi cha Debian. Siku kaneli (kiini cha mfumo) ikisasishwa, mwenzio anabaki na giza, tena pengine asubuhi ya ndoa ya watu.

StudioNdoa, tusikisie. Weka kifurushi cha mesa-utils (ni kidogo, hakitamaliza mega), kisha tuletee majibu ya amri hizi:

`cat /proc/cmdline`
`lspci -k`
`glxinfo -B`

StudioNdoa
Asante yaya. Umeme ulikuwa umekatika, ndiyo nimechelewa. Ya kwanza inaishia na `quiet nomodeset`. Kwenye glxinfo naona `llvmpipe (LLVM 15.0.6, 256 bits)`. Kwenye lspci, Intel ina mstari wa `Kernel modules: i915` tu, na NVIDIA imeitwa `3D controller`.

YayaTerminali
Basi ugonjwa umejitaja wenyewe. llvmpipe maana yake hakuna kadi inayochora: prosesa ndiyo inachora kila kitu, ndiyo maana feni inalia. Na Intel haina mstari wa `Kernel driver in use`, yaani draiva yake ipo ila imekatazwa kuingia.

Aliyekataza ni nomodeset. Neno hilo ni la kukuvusha siku ya kusakinisha. Fundi aliliacha humo likawa la kudumu. Kinachogoma hapo, kwa dalili hizi, ni nouveau, draiva huria ya NVIDIA, lakini nomodeset imefukuza na Intel isiyo na kosa. Na angalia hilo la `3D controller`: kadi yako ya NVIDIA haina kioo chake. Kioo na HDMI vyote viko kwa Intel. Ukiifungulia Intel, projekta itaonekana.

Fungua `/etc/default/grub` kwa nano (kihariri cha maandishi), ukiwa na ruhusa ya root, yaani msimamizi wa mashine. Mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` uwe hivi:

`"quiet nouveau.modeset=0"`

Kisha `update-grub`, uwashe upya. Hakuna hata mega moja inayotumika.

Ikirudi giza, usiogope: kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza nomodeset, halafu F10. Ila pale kibodi yako inafanya kama QWERTY, mpangilio wa Kiingereza. Ukibonyeza M utaona `no;odeset`. Herufi m iko kwenye kitufe cha koma.

MtotoWaKatuba
Na NVIDIA inakaa bure tu?

YayaTerminali
Kwa sasa ndiyo, na inaweza kuendelea kula betri kidogo. Akiihitaji baadaye, kwa Blender (programu ya picha za 3D) mfano, aongeze `contrib non-free` kwenye sources.list, faili la vyanzo vya apt, aweke `linux-headers-amd64` na `nvidia-driver` kwa apt. Hapo mega zitaenda kweli. Na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine) ikiwa imewashwa, moduli isiyotiwa saini haitapakiwa. Aangalie kwanza kwa `mokutil --sb-state`. Mimi singeyagusa hayo kabla ya Jumamosi.

StudioNdoa
Yaya, Mungu akubariki! glxinfo sasa inasema `Mesa Intel(R) HD Graphics 620 (KBL GT2)`. Mwanga unapungua, feni imetulia, na nimejaribu HDMI kwenye televisheni ya jirani, imeonekana mara moja. Kdenlive bado inasita kidogo kwenye video za 4K.

YayaTerminali
Hiyo ni kawaida kwa mashine ya umri huo. Ndani ya Kdenlive washa klipu za proksi: unahariri nakala nyepesi, mwishoni inatoa video kutoka faili za asili.

Bwana_Rahisi
Sawa, nimekaa kimya. Yangu ni AMD, dawa ni hiyo hiyo?

YayaTerminali
Hapana papa. Kwako tazama kwanza kama `firmware-amd-graphics`, kifurushi ambacho kadi za AMD hukihitaji, ipo, halafu fungua uzi wako na majibu ya lspci.