Kuoka siku za joto bila kuchemsha nyumba nzima

Kutoka: Mama wa Watatu, Leicester

Asalaam alaykum, habari za jioni ndugu zangu wote.

Shule zimefungwa na watoto wangu wako nyumbani mpaka karibu na mwisho wa Agosti. Binti yangu wa kati ana miaka kumi na kuoka kumemwingia damuni. Ameazima maktaba kitabu kinene cha keki na mikate, cha Kimarekani, na halali bila kukisoma. Naomba msaada kwa mambo mawili. La kwanza, kitabu kizima kinapima kwa vikombe, na siagi kwa "vijiti", wakati oveni yetu ni ya gesi yenye namba 1 mpaka 9. La pili ni joto. Nyumba ni ya matofali, jiko linaangalia machweo, na oveni ikiwaka alasiri hapakaliki. Usiku watoto wanalala madirisha wazi na bado wanatoka jasho.

Na mimi nina hamu yangu: mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui, uliojaa vitundu. Kwetu Tanga ulikuwa unapikwa kwa makaa juu na chini. Kwenye oveni ya hapa unakauka juu kabla katikati hakujaiva. Mwenye njia anisaidie, tafadhali.

—

Kutoka: Mwana wa Arusha, Denver

Dada yangu wa Leicester, salaam sana.

Vikombe kwanza. Kikombe cha Marekani ni mililita 237, vitabu vingi vinaandika 240. Cha Australia ni 250. Kwa hiyo aangalie kwanza mwandishi ni wa wapi. Kwa uzito, kikombe cha unga wa ngano uliotiwa kwa kijiko kisha ukasawazishwa kwa kisu ni gramu 120 hadi 125. Ukichota kwa kikombe chenyewe ndani ya mfuko, unga unashindiliwa, unafika 140 na kupita, na keki inakuwa nzito. Kikombe cha sukari ni gramu 200. Kijiti cha siagi ni gramu 113. Huu utaratibu wa kusawazisha kwa kisu aliusisitiza sana Fannie Farmer wa Boston kwenye kitabu chake cha mwaka 1896. Kabla ya hapo wapishi wa huku nao waliandikiwa "siagi kiasi cha yai", vilevile mama zetu wanavyotuelekeza hadi leo.

Moto: kitabu kikisema 350, hizo ni Farenhaiti, yaani 180 za Selsiasi, na kwenye oveni yako ni namba 4. 400 ni namba 6, 425 ni namba 7. Wenye oveni ya feni wapunguze nyuzi 20 za Selsiasi.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii wanapopokea mapishi kutoka nyumbani, nalo ni mwinuko. Denver iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Arusha 1,400 hivi, Nairobi karibu 1,800. Huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, keki inafura upesi kabla unga haujashika, halafu inadidimia katikati. Ndiyo maana mama wa Nairobi anayeijua kazi yake anatia beking pauda kidogo na maziwa zaidi. Mapishi hayohayo ukiyapeleka Leicester kama yalivyo, keki inatoka fupi na imeshikana. Kwa kila kijiko cha chai cha beking pauda ongeza robo, na maziwa punguza kijiko kimoja au viwili vya mezani. Mama wa Tanga hana shida hiyo, yuko ufukweni.

—

Kutoka: Bibi wa Bristol

Mwanangu wa Leicester, waalaykum salaam. Mjukuu mwache na kitabu chake, tena mwongezee kingine.

Nianze na mkate, maana ndio uliouliza kwa hamu. Oveni usiiwashe kabisa. Mkate wa kumimina ni mkate wa moto wa juu na chini, na moto huo huku uko bustanini: lile jiko la mkaa la duara, lenye miguu mitatu na kifuniko, ambalo majirani wanachomea soseji. Kifuniko kikishafungwa joto linazunguka na kushuka juu ya mkate, na kazi ya bati la makaa inafanywa bila bati.

Loweka mchele gramu 400 usiku kucha. Siku za joto uloweke ndani ya friji usije ukachacha. Basmati ya kawaida inafaa. Asubuhi mwaga maji, saga kwenye blenda na kopo moja la tui la mililita 400. Soma ubavuni mwa kopo nazi ni asilimia ngapi, maana mengine ni 50 tu na mengine yanapita 70. Chukua lenye nyingi. Saga mpaka ukisugua tone katikati ya vidole usisikie chenga hata moja. Hapo usiwe na haraka, chenga ndizo zinazoziba vitundu. Tia sukari gramu 150, hamira kavu kijiko kimoja cha chai na iliki uliyoitwanga wakati huohuo, sio ile ya unga iliyokaa kabatini tangu Ramadhani. Jikoni kwenye joto la nyuzi 27 mkate unaumuka ndani ya saa moja. Januari ungeusubiri saa mbili na zaidi. Kwa hiyo siku hizi usiuache ukaenda sokoni. Povu likipanda likawa linapumua polepole, huo ndio wakati. Likianza kubonyea katikati, uchachu umeshaingia. Piga ute wa yai moja, uchanganye kwa mkono mwepesi.

Chukua sufuria ya alumini au ya chuma kizito isiyo na mpini wa plastiki. Pasha kijiko cha samli jikoni, mimina, acha moto mdogo mpaka vitundu vifunguke juu na kingo zianze kujiachia. Kisha toka nayo nje. Makaa yawe yameshavaa majivu meupe, uyasukume pande mbili, sufuria ikae katikati pasipo na kaa chini yake, ufunike. Dakika 20 hivi, halafu choma kijiti katikati. Mimi napenda kuutia baada ya nyama kutoka, kwa sababu moto unakuwa umepoa kidogo na mkaa haupotei bure. Mkaa wenyewe uwashe kwa karatasi au vijiti. Usitie mafuta ya kuwashia, mkate unanyonya harufu yake na samli yote hiyo haitaifunika.

Walio kwenye fleti, nawaomba sana: jiko la mkaa lisiingie ndani, hata likiwa linaonekana limezimika. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Na kwenye roshani pia hapana, Zimamoto wa London wanawasihi watu kila kiangazi. Ninyi malizieni mkate chini ya grili: ukishafunguka vitundu kwenye jiko la juu, dakika tano za grili zinatosha kuupa rangi. Joto lake ni dogo kuliko oveni ya dakika arobaini.

Kuhusu oveni, nyumba za nchi hii zilijengwa kuhifadhi joto. Tarehe 19 Julai 2022 kipimo cha Coningsby, Lincolnshire, kilifika nyuzi 40.3, na watu walikuwa wakihangaika ndani ya kuta zilezile zinazotufaa Desemba. Sasa, Julai saa kumi na moja na nusu alfajiri jua limeshachomoza. Mkisha kuswali huo ndio muda wa kuoka. Mkate wa mayai, vileja, mikate ya ufuta, vyote vitoke kabla ya saa mbili, ufungue madirisha, na alasiri jiko lipumzike. Vileja hasa ni vya msimu huu. Samli na unga wa mchele havitaki kusubiri kuumuka, na vinakaa kwenye kopo wiki nzima vikiwa vikavu.

Nije kwenye vitabu, ndipo penye raha yangu. Vitabu vya mapishi navisoma kitandani, ukurasa kwa ukurasa, hata vya vyakula ambavyo sitavipika. Elizabeth David alitoa kitabu chake cha kwanza, cha vyakula vya Mediterania, mwaka 1950, Waingereza wakiwa bado wanapewa chakula kwa kadi ya mgao. Mgao haukuisha mpaka 1954. Hebu fikirini, mwanamke anaandika ndimu, zaituni na mafuta yake, katika nchi ambayo siagi na nyama vinagawiwa kwa kipimo. Ameandika kwa hamu, na hamu hiyo mimi naijua. Nikimsoma naona kwa nini mtu aliye mbali na kwao anakaa na kitabu cha mapishi saa nzima bila kusimama kwenda jikoni. Mwaka 1955 akatoa kingine cha mapishi ya kiangazi, na ndani yake hakuna papara: mboga za msimu, vitu vya baridi, moto kidogo.

Maktaba zetu hapa vitabu hivi viko kwenye rafu ya 641.5, nendeni moja kwa moja. Kuazima ni bure, na kisichokuwepo wanakuagizia. Mjukuu anaweza kuvihesabu kwenye changamoto ya kusoma ya kiangazi inayofanyika maktabani, maana wanaruhusiwa kuchagua kitabu chochote. Mwazimie kile cha Hawa Hassan, In Bibi's Kitchen, cha mwaka 2020. Ni mabibi wa nchi nane za upande wa Bahari ya Hindi, Somalia, Kenya, Tanzania, Komoro na nyinginezo, wakihojiwa majikoni mwao. Mtoto wa miaka kumi ataona wanawake wanaofanana na bibi yake wamo kitabuni, na hilo kwangu ni kubwa.

Mimi kitabu nakipima hivi: mwandishi ananiambia nitakachokiona? "Oka dakika 30" hainisaidii, oveni yangu si yake. Lakini akisema kingo zitajiachia, rangi itakuwa ya asali, kijiti kitatoka kikavu, huyo namwamini. Picha nzuri bila maneno hayo zinaniacha gizani.

Na kabla ya kununua kitabu chochote, nunua mizani ya jikoni, ile bapa ya betri. Ukishakuwa nayo, kitabu kinachokosekana mkiandike nyinyi. Mapishi ya Tanga, Pemba, Lamu, Bagamoyo yaliyo vichwani mwa mama zetu mengi hayana gramu hata moja. Likizo hii mtoto ana muda. Ampigie bibi yake kwa video, ndugu aliye kule aweke bakuli juu ya mizani, mama aweke unga kwa mkono wake kama siku zote, na kila akitia wasome namba. Asiambiwe apime, mkono wake utabadilika. Mwacheni apike, ninyi andikeni.

—

Kutoka: Kaka wa Hamburg

Shikamoo Bibi. Kwa walioko Ujerumani tu: kwa keki chukueni unga Type 405, kwa mahamri na mikate 550. Pakiti moja ndogo ya beking pauda ni ya unga gramu 500, na ya hamira kavu, gramu 7, ni hivyohivyo. Hamira mbichi ya gramu 42 ni ya kilo nzima. Na kama mna zukini bustanini msitupe majani yake. Chukueni yale machanga, mvunje kikonyo mvute nyuzi mpaka zitoke zote kama mnavyofanya majani ya maboga, mpike kwa tui na karanga.

—

Kutoka: Mke wa Mwalimu, Muscat

Marahaba zenu zote. Kwetu Juni inapita 40 na unyevu wa bahari juu yake, na wenye nafasi wanakimbilia Salalah, kusini mwa Oman, kwenye ukungu wa khareef, msimu wa manyunyu. Waliobaki tunapika jiko la nje, usiku baada ya Isha. Tahadhari moja: kiyoyozi kinalaza unga. Mahamri yaumulieni chumba kisicho na kiyoyozi, kisha kateni, mpange kwenye sinia, mgandishe. Asubuhi yanayeyuka kidogo na kuumuka tena, unakaanga machache ya kutosha chai, na jiko unalizima.

—

Kutoka: Mama wa Watatu, Leicester

Bibi, shikamoo. Ndugu zangu wote, ahsanteni mno.

Tumenunua mizani. Barabara ya Belgrave nimepata nazi iliyokunwa ya kugandisha na boksi la maembe ya Chaunsa kutoka Pakistan. Mzee mwenye duka alizaliwa Kampala, akaniuliza kwa Kiswahili ninapika nini. Binti amempigia mama yangu Tanga jana. Ukufi wa mama ni gramu 55 za unga, na hakukosea zaidi ya gramu tatu katika yote aliyotia. Mama mwenyewe alipoambiwa alinyamaza, halafu akasema haya, andika na vibibi. Kwa hiyo daftari lina vibibi, visheti na mkate wa mayai, na Jumapili watafanya kaimati.

Mkate wa kumimina tunautia Jumamosi jioni. Bibi, swali: jiko letu lina matundu chini na mengine kwenye kifuniko. Nifungue yote?

—

Kutoka: Bibi wa Bristol

Marahaba mwanangu. Ya juu fungua yote, ya chini nusu. Ukiona mkate unashika rangi upesi kabla ya dakika kumi, punguza ya chini, ya juu usiyaguse. Na kifuniko usikifunue kuchungulia, kila ukifunua moto wa juu unapotea. Mwambie mjukuu aniandikie ya kaimati, nataka kujua mama anatia maziwa ya mtindi au maji.